Mawe Yaliyosimamishwa

Jiwe hulazwa lilivyolala.

Jana mlinisikia nikimwambia maneno hayo mwenyekiti wa kamati ya maji, alipotaka kumwondoa Mama Kadzo kwenye pampu aliyoitunza miaka kumi na mmoja ili amweke mpwa wake mwenye cheti. Mlimwona akinyamaza. Leo mmekuja kuniuliza methali hiyo ilitoka wapi, na mmoja wenu amekwisha kusema ni ya wahenga. Si ya wahenga. Wahenga hawakuwahi kuisikia. Ina mtu wake, ina mahali pake, na mimi nilikuwapo ilipozaliwa. Nitawaeleza ilivyoanza, nanyi mniwie radhi nikipandisha sauti, kwa maana tangu siku hizo sijaweza kuisimulia kwa upole.

Mwero wa Nyamawi hakuwa na cheti. Hakuwa na lori, wala baiskeli, wala saa. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilibaki chini ya bamba la jiwe alipokuwa kijana. Hakuwa na ndugu katika ofisi yoyote ya serikali. Hakuwa na kiti barazani kwa chifu. Alisikiliza akiwa amesimama nyuma, pamoja na waliochelewa. Hakujua kuandika jina lake, na likiandikwa na mwingine hakulitambua. Na hakuwa na ulimi wa kubishana na mtu aliyevaa tai. Hilo la mwisho ndilo lililotugharimu sote.

Alichokuwa nacho ni ujuzi wa timbo. Nyinyi mnaofanya kazi Chidongoni siku hizi mnalijua shimo lile, lakini wakati ule lilikuwa dogo, na wapasuaji wa mawe tulikuwa thelathini na watatu. Mwero ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mgongo kama nguzo, na kiburi cha kutosha watu watatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutia kabari.

Jiwe la Chidongoni, kama mjuavyo, hutoka kwa mabamba. Unagonga kabari kwenye mstari, unasikiliza, unagonga tena, na bamba linaachia lenyewe kama ganda la mkate. Hapo tulikuwa na desturi moja. Bamba likishainuliwa kwa mtaimbo, kabla halijasogezwa hata shubiri, Mwero alitoa mkaa mfukoni akachora mstari upande wa juu, ule uliokuwa ukitazama mbingu. Tuliuita uso. Mwashi alipolipokea jiwe aliutafuta mkaa, akaliweka ukutani uso ukiwa juu, kama lilivyokuwa ardhini. Hakuna aliyeuliza sababu. Baba zetu walifanya hivyo, na kuta zao zipo.

Mimi niliuliza, kwa sababu ya kiburi nilichowatajia. Nilimwambia, "Mzee, jiwe ni jiwe. Lina uso gani, linanyoa ndevu?"

Wenzangu walicheka. Mwero hakucheka wala hakukasirika. Kesho yake mvua ilipopusa alinichukua hadi mtoni, mahali maji yalipokuwa yamepungua, akachimba ukingo kwa panga kama mtu anayekata keki. Ndani nikaona mchanga, unene wa kiganja. Chini yake utando wa tope, mwembamba kama karatasi. Chini yake mchanga tena, kisha tope, kisha mchanga.

"Kila mafuriko yameleta shuka lake," akasema. "Maji yakiwa na nguvu hubeba mchanga. Yakichoka, huuacha. Yakilala kabisa, lile tope lililokuwa likielea hutua juu yake. Kisha mvua nyingine. Hesabu."

Nilihesabu mashuka kumi na manne, nikachoka.

"Sasa yaongezee uzito," akasema. "Shuka juu ya shuka, mpaka yawe marefu kuliko minazi kumi. La chini litakuwaje?"

"Litabanwa."

"Litabanwa, na maji ya chumvichumvi yatapita katikati ya chembe na kuzigandisha. Ukingo huu ni jiwe, kijana, ila bado changa. Lile letu lilikuwa hivi hivi. Halafu nchi ikainuka, mto ukapita na kukata, ndipo babu zetu wakaliona limechungulia mlimani."

Tuliporudi alinionyesha bamba ambalo uso wake ulikuwa na mikunjo midogo, kama mchanga wa kando ya maji upepo ukivuma. Nilikuwa nimeyakanyaga mabamba ya namna ile miaka minne bila kuyaangalia. Akapitisha mkono wake wenye vidole vinne juu ya mikunjo ile, akasema, "Maji hayasimamishi kitu. Maji hulaza. Jiwe hili limezoea kubebeshwa mzigo mgongoni. Ukiligeuza likasimama kwa ubavu, mzigo utaingia katikati ya mashuka, mvua nayo itaingia, na kila shuka litakwenda njia yake."

Basi hayo ndiyo aliyoyajua mtu asiyejua kuandika jina lake.

Mwaka uliofuata serikali ilikubali kutujengea tangi la maji ya mvua. Msifikirie tangi kama mnavyolifikiria leo, kitu cha plastiki cha kununua dukani. Wanawake wetu walikuwa wakienda maili tano kuteka, na walioondoka alfajiri walirudi jua likiwa utosini. Tangi lilikuwa maisha. Kila nyumba ilitoa nguvu: sisi mawe, wengine mchanga, wanawake walibeba maji ya kukorogea saruji, maili tano zile zile, ili siku moja waache kuyabeba.

Aliyeletwa kusimamia ni Bwana Ezra Sirya wa ofisi ya majengo. Kijana bado, mrefu, tai ya rangi ya damu ya mzee, na kalamu mbili mfukoni. Sitawadanganya kuwa alikuwa mtu mbaya tangu asubuhi hadi jioni. Alikunywa uji wetu. Alijua kazi ya zege. Lakini alikuwa na tarehe: mkubwa wa wilaya angekuja kufungua tangi baada ya wiki tisa, na mawe yalikuwa yakienda polepole. Basi akatazama bamba letu, jinsi lilivyo pana na jembamba, akaona njia ya mkato. Bamba likilazwa, ukutani unaonekana ukingo wake tu, unene wa ngumi. Likisimamishwa linaonyesha uso mzima. Mawe mia moja yanafunika pale palipotaka mia tatu, na ukuta unapendeza, laini, wa picha.

Akawaambia waashi, "Yasimamisheni."

Mwero alishuka kutoka timbo akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nyuma yake. Alivua kofia.

"Bwana Sirya, jiwe hili halisimami."

"Mbona limesimama? Si hilo hapo?"

Waashi wakacheka. Waashi wetu wenyewe, watu waliooa dada zetu.

"Limesimama leo, bwana. Maji yakiingia—"

"Mzee, umesomea wapi?"

"Sikusoma."

"Basi tufanye hivi. Wewe chimba, mimi nijenge. Na hii mikaa yenu inanichafulia ukuta. Mawe yaje yakiwa yameoshwa."

Mwero akavaa kofia, akapanda zake timbo. Na huko, mbele ya macho yangu, alichukua gunia lililolowa akafuta mkaa kwenye bamba la kwanza. Akafuta la pili. Akatuambia na sisi tufute. Tulifuta. Tulifuta mawe yote yaliyobaki, mia nne na zaidi. Siku ile niliona aibu ikifanya kazi ya mikono.

Tangi lilifunguliwa kwa ngoma. Lilipitisha msimu wa kwanza. Msimu wa pili, mvua za masika zilipolijaza mpaka mdomoni, ukuta wa upande wa kaskazini ulianza kumenyuka. Vipande vyembamba vilianguka chini kila asubuhi, kama magamba ya samaki. Mwero aliviona, akaenda kwa chifu mara mbili. Chifu alimwambia kwamba Bwana Sirya atapelekewa habari. Labda alipelekewa.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumanne. Wanawake walikuwa foleni kwenye bomba la upande ule wa kaskazini, na mtungi wa mtu wa sita ulikuwa unajaa. Ukuta ulipasuka kuanzia chini. Sisi tulikuwa timbo, na tulidhani ni baruti ya watu wa barabara, mpaka tuliposikia vilio.

Umazi, mjane aliyekuwa akiuza viazi vya kukaanga njia panda, alikufa pale pale. Mbodze, mke wa Mwero, alikandamizwa na mawe kuanzia nyonga kushuka chini. Mtu wa kwanza kumfikia ni mumewe. Aliyatoa mawe yale moja moja, na yalimvunjikia mikononi, mashuka mashuka, mawe aliyoyapasua na kuyafuta mwenyewe. Mbodze aliishi. Mguu wa kulia haukupona. Ulikauka, akatembea kwa mkongojo mpaka siku yake.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ajali ilikuwa msiba, na msiba tunaujua. Kinachonipandisha damu mpaka leo ni kilichokuja baada ya msiba. Bwana Sirya aliandika ripoti. Ripoti ilisema ukuta ulianguka kwa sababu ya ubovu wa mawe ya Chidongoni. Yaani jiwe ndilo lililoua. Ikatoka amri kwamba timbo lifungwe, na kwamba hakuna jengo la umma litakalojengwa kwa jiwe letu. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi katika siku tisini, kisha amri itakuwa ya kudumu. Nyumba thelathini na tatu zilikula kutoka shimo lile. Nchi yetu haina mahindi ya kutegemea, mnaijua. Tuna jiwe.

Alikuja yeye mwenyewe kubandika tangazo, akiwa na chifu na askari mmoja. Tulikuwa tumekusanyika mdomoni mwa timbo. Mwero alikuja na kiroba begani, akakimimina miguuni mwa Bwana Sirya. Vilikuwa vipande vya ukuta ule.

"Chagua kimoja," akasema. Safari hii hakuvua kofia.

"Mzee, pole kwa mke wako. Lakini mimi nina kazi."

"Huna haja ya kunipa pole mimi. Chagua."

Chifu akasema, "Mwero, adabu."

"Adabu nilikuwa nayo mwaka juzi, chifu. Imemvunja mke wangu mguu. Chagua jiwe, bwana."

Bwana Sirya, kwa sababu macho yalikuwa mengi, alisukuma kipande kimoja kwa ncha ya kiatu. Mwero alikisimamisha kwa ubavu juu ya mwamba, akakigonga kwa nyundo ndogo, pigo ambalo mama anampigia nzi. Kikafunguka kama kitabu, vipande vitatu.

"Mnaona," Bwana Sirya akawaambia watu. "Ni bovu. Ndivyo nilivyoandika."

Mwero akaokota kipande cha pili, cha jiwe lile lile, akakilaza uso juu. Akamnyooshea nyundo kubwa. "Piga wewe."

"Sitapiga."

"Askari, piga wewe. Una nguvu za serikali."

Askari alikuwa kijana wa watu. Akaweka rungu chini, akapiga. Nyundo iliruka, askari akajishika kiwiko, na jiwe likabaki na alama nyeupe tu. Akapiga tena kwa hasira. Mpini wa nyundo ukalia. Watu walianza kuguna.

"Ni jiwe moja," akasema Mwero. "Lilipolala lilibeba. Liliposimamishwa liliua. Sasa andika hivyo kwenye ripoti yako."

Bwana Sirya alipangusa vumbi kwenye kiatu. "Mzee, una cheti cha jiolojia?"

"Sina."

"Unaongea kama nani?"

"Kama mtu aliyelitoa ardhini."

"Ofisi haisikii watu walioyatoa ardhini. Ofisi inasoma." Akatoa kalamu moja kati ya zile mbili, akamnyooshea. "Andika. Siku tisini. Andika tukuone."

Alijua. Chifu alijua, askari alijua, sote tulijua kuwa Mwero hawezi kuishika kalamu ile. Akamnyooshea hata hivyo, mbele ya wanaume aliowafundisha kazi. Mwero hakuichukua. Bwana Sirya akaitumia kutia sahihi tangazo, akalibandika, wakaondoka. Nimeona wanaume wakipigwa nikaona uchungu mdogo kuliko ule.

Kwanza Mwero alikwenda kwa karani wa kuandikia watu barua pale dukani. Karani alisikiliza, akaandika, akamkabidhi. Mwero akaipeleka kwa Mwalimu Dama, mwanamke aliyefundisha ngumbaru pale kanisani jioni, amsomee. Mwalimu akasoma: "Sisi wanyonge wa Chidongoni tunapiga magoti mbele yenu, tukiomba huruma na msamaha kwa makosa ya mawe yetu."

"Rudia hapo."

Mwalimu Dama akarudia.

Mwero akaichukua barua, akaichana vipande viwili, akaviweka mezani kwa utulivu uliomwogopesha mwalimu. "Nifundishe," akasema. "Nina siku themanini na nne."

"Mzee Mwero, naweza kukuandikia mimi. Sitatia magoti."

"Ukiniandikia wewe watakuuliza wewe ulilitoa jiwe wapi. Nifundishe."

Basi mtu wa miaka hamsini na sita aliketi kwenye benchi la watoto wa shule ya Jumapili. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yake, maana nilikuwa nimeanza ngumbaru kabla yake kidogo, na najivunia hilo mpaka leo. Aliandika kwa hasira. Alivunja chaki. Alitoboa karatasi. Herufi ya S ilimkimbia wiki nzima, na ilipomkubali aliiandika kurasa mbili kama mtu anayelipiza kisasi. Nyumbani Mbodze alikaa na mguu wake kwenye kigoda, akimsomea herufi kutoka kwenye kitabu ambacho naye alikuwa akikijifunza.

Siku moja Mwalimu Dama alituletea kitabu cha darasa la saba, cha jiografia. Alitaka tusome kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia sura ya miamba. Nikasoma kwamba mawe mengine huzaliwa na moto: uji wa moto hutoka chini ya ardhi ukapoa, ndivyo ilivyopatikana milima kama Kilimanjaro. Nikasoma kwamba mengine huokwa na kubanwa mpaka yakageuka kitu kingine kabisa. Kisha nikafika mahali palipoandikwa: "Mawe mashapo hufanyika pale mchanga na matope yanapotulia chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, na kugandamana kwa uzito wa matabaka ya juu."

Niliinua macho. Darasa zima lilikuwa likimtazama Mwero.

"Kwa hiyo imeandikwa," akasema polepole.

"Imeandikwa," akajibu mwalimu.

"Tangu lini?"

Mwalimu akafungua ukurasa wa mbele, akatazama. "Kitabu hiki kina miaka kumi na tisa. Lakini jambo lenyewe linajulikana zaidi ya miaka mia."

"Na yule bwana alisoma kitabu hiki?"

"Hawezi kupata cheti chake bila kukipita."

Nilidhani atafurahi. Kila mtu alidhani. Mtu amesemwa mjinga mbele ya watu, kisha kitabu kinamtetea: si angefurahi? Aliinuka, akatoka nje, na tukamsikia akitembea huku na huku kwenye changarawe. Aliporudi hakuketi.

"Nilikuwa nikimhurumia," akasema. "Nilisema moyoni, hajui, hajawahi kulitoa jiwe. Kumbe alisoma. Alisoma, akafaulu, akapewa na karatasi, kisha akaja hapa kulisimamisha. Mimi nilikosa kusema kwa sababu sikusoma. Yeye alisoma, akakosa nini?"

Mwalimu alikifunga kitabu.

Siku ya sabini na tisa alianza kuandika. Alijaza kurasa tatu za mambo ya mto na mashuka ya mchanga, na ya askari aliyepiga nyundo. Kila aya alimsomea Mbodze. Alipomaliza, Mbodze akauliza, "Na mkaa?"

"Mkaa gani?"

"Baba, usiniulize mkaa gani. Mkaa mliofuta."

Mambo haya alinieleza Mwero mwenyewe, wala hakujipamba. Kuandika habari ya mkaa kulikuwa kumpa Bwana Sirya kamba. Wangesema: basi hata nyinyi mlijua, na mlituletea mawe mkiwa mmeficha alama; mjane amekufa, njoo ujibu. Wangeweza kumfunga. Aliyaeleza hayo kwa mkewe.

"Nayajua," akasema Mbodze. "Nimelala chini ya mawe hayo, nikawa na muda wa kuyafikiria. Yeye aliandika nusu, akafunga timbo. Wewe ukiandika nusu, mtakuwa wawili. Mimi siwezi kuishi na wa pili."

"Wakinichukua je?"

"Nitakuletea chakula kwa mkongojo. Andika."

Akaongeza ukurasa wa nne. Nimeuona kwa macho yangu, na ninaukumbuka hivi: "Mimi Mwero wa Nyamawi nilijua. Nilikatazwa mara moja na nikaogopa. Nilifuta alama za mawe mia nne na saba kwa mkono wangu na nikawaamuru wenzangu wafute. Kosa la kuogopa ni langu, na nitakuja mkiniita. Kosa la kusimamisha si langu. Na jiwe halina kosa lolote."

Mwalimu Dama aliisoma barua yote, akasahihisha herufi mbili, akasema, "Mzee, ni barua nzuri. Lakini nitakuambia jambo la ofisi. Wakubwa husoma mstari wa kwanza na mstari wa mwisho. Katikati husomewa na karani. Mstari wako wa mwisho ni 'Wasalaam'. Tafuta mwingine."

Alirudi na barua nyumbani. Siku mbili aliutafuta mstari huo. Aliandika mistari mirefu akaikata. Aliandika matusi, mengine mazuri sana, akayakata pia, ingawa kwa masikitiko. Siku ya themanini na tano alikuja darasani mapema, kabla ya mwalimu. Mimi na wenzangu watano tulikuwapo. Hakutusalimu. Alichukua chaki, akaandika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka, akasimama kando.

Tuliyasoma kwa sauti, sote sita, kama watoto: "Jiwe hulazwa lilivyolala."

Mwashi mmoja alikuwa kati yetu, mmoja wa wale waliocheka siku ile. Aliyasoma tena peke yake, kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Na mtu?"

"Na mtu," akasema Mwero. "Mimi nilikuwa jiwe la kulala. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Yule alinisimamisha nikawa ukuta wa picha yake, nami nikakubali. Angalieni tulivyoanguka wote."

Hakusema zaidi, na mimi pia sitawaongezea. Mwenye kumwondoa Mama Kadzo pale alipolazwa na miaka yake kumi na mmoja ameisikia, na nyinyi sasa mmeisikia.

Jioni ile aliandika maneno yale mahali palipokuwa na "Wasalaam", na chini yake jina lake, herufi saba za jina la baba na tano za jina lake mwenyewe zikiwa zimesongamana, maana alianza kwa herufi kubwa mno. Bahasha haikuwa na gundi. Mbodze alitwaa donge la ugali wa mchana, akalilainisha kwa mate, akalipaka kwenye mdomo wa bahasha, na Mwero akaubana kwa kiganja akiwa ameegemea meza kwa uzito wake wote mpaka ukashika. Asubuhi alitembea hadi posta, akakataa kumpa konda wa basi, akakataa kumpa chifu aliyejitolea kuipeleka. Karani wa posta alipiga muhuri juu ya stempu mara mbili, akaitupa ndani ya mfuko wa wilaya, akaufunga mfuko kwa kamba. Mwero alisimama pale dirishani, kofia kichwani, mpaka gari la posta lilipokuja likauchukua.